Kama si sauti, angekula nini? Njia za pesa za msanii wa kujitegemea Zanzibar

Siti binti Saad alipoingia mjini kutoka Fumba, ambako alikuwa akiuza vyungu, mji haukumfukizia udi. Alitungiwa wimbo wa kumsuta: tangu lini naye akawa mtu, kaja mjini na kaniki yake, na kama si sauti, angekula nini? Siti alijibu kwa wimbo, kama ilivyo ada ya watu wa pwani, na mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Waliomsuta wamesahaulika, lakini swali lao lingali hai. Binti wa leo akimwambia mamake kwamba anataka kuacha kazi ya mapokezi hotelini aimbe nyimbo anazotunga mwenyewe, anaulizwa lilelile: sasa mwanangu, utakula nini?

Swali ni la haki. Majibu yanayotolewa huwa mawili, na yote mabovu. Moja linasema muziki haulipi. La pili linasema siku hizi kuna mitandao, weka wimbo wako upate dola. Wimbo mmoja huingiza pesa kwa milango kadhaa, kila mlango una bawabu wake, na wasanii wengi wa visiwani wamepanga foleni kwenye mlango mmoja tu. Milango mingine hawajui hata kama ipo.

Ninayemzungumzia hapa ni yule anayetunga, anayeimba na kupiga ala yake, na nyuma yake hakuna lebo. Muziki wake haukai vizuri katika kapu lolote. Hauwi taarab ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza 1905, wala hauwi zenji flava ya mdundo wa kompyuta. Anachukua mwendo wa kidumbak, ile taarab ya ngoma ya mitaani, au wa ngoma za msewe na kibati za Pemba, anautilia gita au udi wa nyuzi, na juu yake anaweka kiitikio ambacho hata mgeni asiyejua Kiswahili anaweza kukiitikia. Mfano unaojulikana ni Siti and the Band, kundi lililoanza 2015 likiwa na vijana waliopitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, chuo kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Albamu yao ya 2018 ilichanganya udi na fidla na midundo ya leo bila kuomba radhi kwa upande wowote.

Na neno "kujitegemea" lenyewe linatiliwa maana nyingi. Kwa wengine ni namna ya kusema hajapata meneja bado. Kibiashara maana yake ni nyembamba zaidi. Lebo humlipia msanii studio, video na matangazo, kisha hujilipa kwa kuzishika rekodi zake. Asiyekuwa na lebo amejilipia mwenyewe, na rekodi zinabaki zake. Loreena McKennitt wa Kanada alianza hivyo mwaka 1985: alirekodi kwa gharama zake, akafungua lebo yake ya Quinlan Road, akawa anapiga kinubi barabarani na kuuza kanda kwa mkono. Baadaye alizidi santuri milioni 14 zilizouzwa, nyimbo zenye mizizi ya jadi ya Waselti. Si kila apigaye kinubi barabarani atafika huko, najua. Namtaja kwa sababu alipofanikiwa hapakuwa na wa kugawana naye rekodi. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba kazi zote za lebo, kuanzia mkataba wa mpiga picha hadi kukumbusha deni la hoteli, zinakuwa zake.

Sasa tuje penye fundo.

Nenda diko lolote la Unguja asubuhi vyombo vya uvuvi vinaporudi, tuseme Nungwi. Utaona mgao ambao haujaandikwa popote na kila mtu anaujua. Hutolewa kwanza gharama, mafuta na chambo. Kisha chombo kina fungu lake, mashine fungu lake, nyavu fungu lake, na mabaharia wanagawana kilichobaki. Mwenye chombo akiwa pia baharia, anakula mara mbili na hakuna anayemwita mwizi. Wimbo nao hugawiwa vivyo hivyo, ila mafungu yake hayaonekani kwa macho, na ndipo watu wanapodhulumiana.

Fungu la kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti. Nasema sauti kwa maana ya watu wa taarab, ule mwendo wa kuimbika unaopewa shairi. Fungu la pili ni rekodi, kile kilichonaswa studio siku fulani kwa koo fulani, ambacho mafundi hukiita masta. Mtu mwengine akiuimba wimbo huohuo upya, utunzi ni uleule lakini rekodi ni nyengine. Muhogo wa Jang'ombe ni mfano mzuri. Watu wazima wa mji wanautaja kuwa ni wa Siti, na dunia imeujua zaidi kwa koo la Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Utunzi mmoja, rekodi zaidi ya moja, na kila rekodi ina mwenyewe. Halafu kuna fungu la tatu, dogo, la waliopiga na kuimba kwenye rekodi hata kama hawakutunga wala kulipia chochote. Wanasheria huliweka katika hakishiriki.

Kinachonishangaza ni kwamba Wazanzibari tuliujua mgawanyo huu kabla ya kuusoma kwenye sheria. Taarab ya zamani ina mshairi, ina mtia sauti, ina mwimbaji, na mara nyingi ni watu watatu mbalimbali. Tunaweza kutaja shairi la nani na sauti kaitia nani bila kutazama karatasi. Tulichokosa ni kuufuatisha mgawanyo huo kwenye pesa. Wimbo ukipigwa ukumbini, mama anainuka, anakwenda kwa madaha, anamtunza mwimbaji noti mkononi huku akimtazama aliyekusudiwa. Wakati huo mshairi yuko kwake Kikwajuni amelala. Kutunza ni desturi nzuri na sitaki ife, lakini imetulea tukiamini kwamba wimbo ni wa anayeuimba.

Mtunzi wa kujitegemea anayejiimbia ni kama mwenye chombo aliye pia baharia, na anastahiki mafungu yote. Kwa nini basi hayapati? Kwa sababu aliingia studio bila karatasi. Studio nyingi za mjini hutoza kwa wimbo. Msanii analipa, anapewa faili kwenye simu, anaondoka na furaha yake. Miaka miwili baadaye wimbo unatakiwa kwenye tangazo au filamu, na prodyuza anasema mdundo ni wangu, na mradi wenyewe uko kwenye kompyuta yangu. Hapo wote wawili wana hoja. Aliyelipia studio anaona amenunua rekodi, na aliyebuni mdundo ameshiriki kutunga muziki. Kulipa peke yake hakumalizi ubishi. Kinachoumaliza ni karatasi ya mgao, ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, nani ana asilimia ngapi ya utunzi, nani ana asilimia ngapi ya rekodi, faili za mradi anazishika nani, saini. Iandikwe siku ileile, kabla wimbo haujapendwa, maana wimbo ukishapendwa kila mtu hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa.

Na nyimbo za jadi je? Msanii wa aina hii anaishi kwa hizo. Sauti ya unyago aliyoisikia Makunduchi au kibati alichofundishwa Micheweni haina mtu mmoja wa kuidai. Anaweza kuipanga upya, na mpango wake ukawa wake, lakini asiiandikishe sauti yenyewe kana kwamba ameitunga yeye. Aandike "asili", kisha jina lake kama mpangaji. Kuhusu bibi aliyemfundisha, mgao wa studio haumtaji. Adabu inamtaja. Mimi ningemwandika jina kwenye jalada, na siku pesa ikiingia ningekwenda kumsalimu, na mkono mtupu haulambwi.

Ofisi nazo zinachanganya watu, ingawa si ngumu hivyo. BASSFU, baraza linalosimamia sanaa, sensa ya filamu na utamaduni, linahusika na ruhusa: kusajiliwa kama msanii, kibali cha onesho, ukaguzi wa kazi. COSOZA, iliyotokana na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, inahusika na umiliki na mirabaha. Kuwa na kibali cha kwanza hakukupi ulinzi wa pili. Tena hakimiliki si jambo la Muungano. Bara kuna COSOTA na sheria yake ya 1999, na kwa ruhusa za sanaa kuna BASATA. Aliyesajili nyimbo zake Unguja akadhani amemaliza hadi Mwanza, amekosea.

Mtandaoni ndiko kwenye ahadi nyingi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Msanii hapeleki wimbo Spotify kwa mkono wake. Anapitia dalali, kampuni ya usambazaji. Madalali wana tabia mbili. DistroKid hutoza ada ya mwaka na kukuachia mapato yote ya rekodi, ila ukiacha kulipa ada nyimbo zinaweza kushushwa. CD Baby hukata asilimia 9 ya mapato. Dalali huipa kila rekodi namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, iitwayo ISRC, ili popote itakaposikilizwa ijulikane ni ya nani. Ukimwachia rafiki yako apandishe wimbo kwa akaunti yake "kwa muda tu", umemkabidhi rafiki yako namba hiyo na pesa zake. Nimeona urafiki mrefu ukivunjika kwa jambo hili dogo.

Pesa yenyewe hugawiwa vipi? Wengi wanadhani kila usikilizaji una bei yake maalumu. Haiko hivyo. Mapato ya nchi kwa mwezi humiminwa katika sinia moja. Spotify, iliyofungua huduma Tanzania mwaka 2021, hujibakishia kama theluthi, na theluthi mbili huenda kwa wenye haki kwa kadiri ya sehemu yao ya usikilizaji wote. Ndiyo maana thamani ya usikilizaji mmoja hupanda na kushuka kama bei ya changu mnadani. Wastani unaotajwa mara nyingi ni kati ya dola 0.003 na 0.005. Mara laki moja ni dola 300 hadi 500, na kundi la watu wanne bado halijagawana. Tena tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu pale Spotify. YouTube nayo inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla ya kugawana matangazo ya video za kawaida, na haitoi pesa hadi zitimie dola 100.

Hapa pana jambo ambalo wasanii wetu wa nyimbo za mizizi hawalitii maanani. Kwa kuwa kila nchi ina sinia lake, msikilizaji anayelipia huduma Oslo ana thamani kubwa kuliko msikilizaji wa Wete anayesikiliza bure kwa matangazo. Nyota wa zenji flava anaweza kusikilizwa mara kumi zaidi yako na pengo la pesa lisiwe mara kumi. Mtalii aliyekusikia Forodhani akarudi kwao na jina lako ni rasilimali. Lakini lazima arudi nalo! Jina lililoandikwa namna tatu kwenye mitandao mitatu, leo na "Bi", kesho bila, halipatikani.

Halafu kuna pesa ambayo dalali haileti kabisa. Yeye hushughulikia rekodi. Fungu la utunzi hupita njia nyengine, kwa vyama vya hakimiliki, na asiyeandikishwa kama mtunzi popote fungu hilo humpita juu kwa juu. Na mtego mwengine: mdundo uliopakuliwa bure au kununuliwa kwa bei ya pamoja unatumiwa na wengine pia. Mmoja wao akiuandikisha kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, video yako inadaiwa kuwa yake, na usipopinga matangazo yanaweza kumlipa yeye. Hapo mwenye gita na sanduku la kidumbak, lile besi la sanduku la mbao, ana nafuu, kwa kuwa hakuna mwengine duniani mwenye sanduku lake.

Pamoja na hayo yote, chakula cha kila siku cha mwanamuziki wa Zanzibar kinatoka jukwaani, na jukwaa linafuata pepo. Kaskazi ikivuma, Disemba hadi Februari, hoteli zimejaa. Masika, Machi hadi Mei, nyingi hufunga au hupunguza watu, na mpiga muziki ndiye wa kwanza kupunguzwa. Kusi ikikolea Juni, kazi inarudi. Juu ya kalenda hiyo ipo nyengine ya mwezi mwandamo. Harusi hujaa mwezi wa Mlisho, yaani Shaabani, kabla watu hawajavunja jungu, na baada ya Iddi zinaanza tena. Ramadhani muziki unanyamaza. Kwa miaka michache Ramadhani iliangukia masika, na ukimya mmoja ukafunika mwengine. Sasa inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2030 moja itaanza mapema Januari, na nyengine itaandama mwishoni mwa Disemba ya mwaka huohuo. Anayeishi kwa jukwaa pekee aanze kuihesabu miaka hiyo tangu leo.

Nimepiga rika, ile tari ndogo ya taarab, nyuma ya waimbaji wa hoteli kwa misimu kadhaa. Malipo ni ya usiku, mkononi, na unachotakiwa ni kava, yaani nyimbo za watu wengine: nyimbo zilezile za kukaribisha wageni, zilezile za Marekani. Mara moja, katika hoteli ya pwani ya mashariki ambayo sitaitaja, tuliingiza nyimbo mbili za mwimbaji wetu katikati ya seti. Wageni walisimama. Meneja alituita pembeni akatukumbusha kwamba tumeajiriwa kuburudisha, na usiku ule bahasha ilikuwa nyepesi. Hoteli ni mshahara, sikatai. Inalipa kodi ya nyumba na nyuzi za gita. Ila usiku mia moja wa kava haujengi jina la mtunzi hata mmoja.

Kwa aliye Pemba hali ni ngumu zaidi. Hoteli ni chache, studio ni chache, na onesho la Unguja lina nauli ya boti kutoka Mkoani na ya kurudi, pamoja na pa kulala. Ajabu ni kwamba mali ghafi nzuri iko huko. Msewe na kibati bado vinapigwa kwa shughuli za watu, na msanii wa Chake Chake hana haja ya kwenda kuvitafuta maktaba.

Jukwaa linaloweza kubadilisha mambo ni Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, na kwa miaka mingi limekaa Ngome Kongwe mwezi wa Februari. Mwaka 2016 lilikosekana kwa kukosa fedha, na wasanii waliokuwa wamelipangia mwaka mzima walijua maana ya kutegemea mlango mmoja. Pale hakuna kuimba juu ya rekodi, kila kitu hupigwa laivu, kwa hiyo kundi lililozoea kupiga pamoja lina faida juu ya nyota wa studio. Waandaaji wa matamasha ya nje huwepo uwanjani. Wanachoomba wakikupenda ni vitu vya kuchosha: video ya laivu isiyokatwakatwa, orodha ya vifaa vya jukwaani, pasipoti za watu wote, na jina la wa kusaini mkataba. Balozi za Ulaya ziko Dar es Salaam, hivyo safari ya kwenda nje huanza kwa boti na foleni ya viza, wakati mwengine kwa pesa ambazo tamasha litazirudisha baadaye. Ni hapo ambapo kujitegemea kunauma kweli. Lebo ingekopesha. Wewe unakopa kwa shangazi.

Mwezi uliopita tulimaliza kurekodi wimbo wa mwimbaji wetu, watu watano, katika chumba kilichozibwa kwa magodoro. Nilikuja na karatasi ya mgao mfukoni. Utunzi ulikuwa rahisi, maneno na sauti ni vyake, mwenye gita akapewa kipande kwa ule utangulizi wake. Rekodi alilipia yeye, kwa hiyo fungu kubwa ni lake, na sisi wapigaji tukagawana lililobaki. Tulipofika kwenye saini, mzee wa sanduku, mtu wa Mkokotoni aliyevua nusu ya umri wake, aliweka kalamu chini.

"Na sanduku lenyewe?" akauliza. "Chombo hakina fungu?"

Tulicheka hadi fundi akatoka kuona kuna nini. Kisha mwimbaji akaichukua karatasi, akakata pale, akaandika upya: sanduku, asilimia 2.